Harusi ya Shangazi, Vipande Vipande

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejipatia kazi ya maana. Si mapazia. Mapazia nimeshona tangu sijaota ndevu, na hayajawahi kunipa heshima.

Shangazi anatimiza miaka sabini Jumapili ya wiki ijayo. Ametuita nyumbani kwake, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda kopo bapa la bati lililoshika kutu. Ndani yake filamu ya harusi yake. Filamu ya kizamani, mkanda mrefu wenye matundu pembeni, haina sauti. Anataka tuitazame siku yake. Akafungua kopo, mkanda ukatoka vipande vipande. Ulikuwa umeungwa mahali pengi, na gundi ya viungo vile imekauka na kuachia.

Shangazi hakuficha anachokitafuta. Katika filamu ile, anasema, kuna mahali Babu anacheza. Baba Mkubwa akaguna palepale. Babu yetu, yaani baba yao, alikuwa mtu ambaye hata kucheka aliona ni uzembe. Tena ndoa ile aliipinga mwaka mzima. Baba Mkubwa anashikilia kwamba siku ya harusi mzee alikaa kitini, akala, akaondoka. Shangazi anasema alicheza, mlangoni mwa jikoni, alipodhani hakuna anayemtazama. Wamebishania hilo tangu kabla sijaoa. Aliyepiga filamu ameshakufa, mume wa Shangazi ameshakufa, na filamu yenyewe ukoo haujawahi kuitazama.

“Mkimwona kwa macho yenu,” Shangazi akasema, “mtajua kwamba aliniridhia.”

Binamu yangu ndiye aliyesimama kwanza. Ni mtoto wa Baba Mkubwa na tunamwita Tai. Yeye hudai ni tai wa angani. Sote tunajua ni tai ya shingoni, haivui hata wakati wa kula. Ana duka la kupiga video za sherehe. Akasema kuna mtaalamu mji wa jirani, mwenye mitambo, atampelekea mkanda kesho. Shangazi akaanza kutikisa kichwa kukubali. Nikaona nikikaa kimya, Tai ataondoka na filamu, na sifa, na Shangazi mwenyewe.

Nikasema mitambo hiyo hutafuna mikanda mikuukuu. Nikasema kazi hii hufanywa kwa mkono. Nikasema mimi naijua.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Lakini jambo nikishalisema mbele za watu, huwa nalisadiki. Shangazi akanikabidhi kopo kwa mikono miwili. Tai akarekebisha tai. Mke wangu akanitazama kwa lile jicho lake.

Jumanne, 4 Machi

Sikufungua duka. Nimekaa dirishani na kioo cha kukuzia cha mke wangu, kile anachosomea maandishi madogo. Picha zenyewe kila moja kama ukucha wa kidole cha mwisho, zimepangana kama ngazi. Shangazi akishuka garini. Shangazi akiingia ukumbini. Nyuma yake kitoto kinene chenye kaptura nyeupe, kimeshika mkia wa gauni kana kwamba kimeshika usukani wa nchi. Huyo ndiye Tai. Tai anaingia, Tai anapita, Tai anageuka kuitazama kamera, Tai anapita tena. Kipande chake kirefu kuliko cha bwana harusi. Habari za kushika mkia ule tumezisikia kwenye kila mkusanyiko wa ukoo.

Nikajitafuta. Nilikuwepo, Shangazi mwenyewe ni shahidi, nilivaa shati la mistari. Nimejipata baada ya taabu. Mimi ni kiwiko. Kiwiko cha kushoto, ukingoni mwa picha. Kisha bega la mgeni mmoja linapita na kiwiko hakionekani tena.

Sikula mchana.

Jioni nikaanza kuunga. Nilijiambia kwamba mtu anayeunga pazia la maua bila ua hata moja kukatwa shingo, hawezi kushindwa na mkanda mwembamba kama utepe wa kupimia. Nikapaka gundi ya karatasi. Ikakauka vizuri. Nikavuta, ikaachia. Nikaweka selotepu. Ikashika, ila iliziba matundu, na projekta huvuta mkanda kwa matundu hayo. Nikayatoboa upya kwa sindano. Sasa kiungo kinafanana na kitu kilichoonjwa na panya.

Vipande vyote nimevitundika kwenye fimbo ya pazia dukani, kila kimoja na kibanio chake, kwa mpangilio wa harusi: mwanzo kushoto, mwisho kulia. Hilo angalau nimelifanya kitaalamu. Kwa kutazama haraka, Babu sijamwona bado. Atakuwa mwishoni huko.

Jumatano, 5 Machi

Projekta nzima imebaki moja mjini, ni ya Bi Projekta. Alionyesha filamu kwenye ukumbi wa sinema mpaka ukumbi ukageuzwa ghala la magodoro. Mama wa kifua kipana na sauti ya kuita watu ng’ambo ya barabara. Anasema hakuna aliye hai anayeunga filamu kama yeye, na hata hao waliokufa ana wasiwasi nao.

Mimi nilikwenda kuazima mashine tu. Nikamwambia kuunga nimeshamaliza. Akaomba kuona kiungo kimoja. Nikamtolea kile cha selotepu. Akakigeuza, akakigeuza tena, akaniuliza kama nina ugomvi na huyo shangazi.

Akanikalisha kwa nguvu. Somo lake lilikuwa hivi. Mkanda una pande mbili, mmoja unang’aa na mmoja umefifia. Ule uliofifia ndio wenye dawa, na picha imekaa ndani ya dawa. Usipojua upi ni upi, gusisha kwenye mdomo wenye unyevu. Upande wa dawa utanata. Unakata kwa wembe, sawasawa na mstari ulio kati ya picha na picha. Ncha moja unaikwangua dawa, ukanda mwembamba tu, mpaka mkanda upenyeze mwanga kama kioo. Ukikwangua kidogo gundi haishiki, ukizidisha mkanda unatoboka. Unapitisha gundi kwa brashi mara moja. Unalaza ncha ya pili juu yake, matundu yalingane, unabana. Gundi hii haigandishi kama ya karatasi. Inayeyusha. Ncha mbili zinayeyukiana na kuwa kitu kimoja.

“Ni ndoa,” akasema. “Ukiwavuta sasa, mkanda unakatika mahali pengine, hapo pa kiungo hapakatiki.”

Alisema pia jambo kuhusu vichwa, kwamba kabla ya gundi mtu ahakikishe vichwa nini na nini. Wakati huo nilikuwa napima dirisha lake kwa macho. Tumekubaliana: nitamshonea pazia zito la chumbani, naye ataleta projekta na kuiendesha mwenyewe siku ya sherehe. Kanipa kichupa cha gundi na kibao cha kubania. Kasema gundi hiyo haipatikani tena, niitunze kama jicho.

Nimetoka pale nimevimba. Kumbe kazi yenyewe nyepesi hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Gundi imemwagika.

Sitaki kuandika mengi. Nilikuwa nimeunga viungo vichache vizuri kabisa, navivuta haviachii, nikainuka kumwita mke wangu aje aone. Kiwiko kikapiga kichupa. Kiwiko kilekile cha kushoto. Kitambaa cha plastiki cha mezani kimeyeyuka na kunata, na sasa kina shimo linalofanana na ramani.

Sikwenda kwa Bi Projekta. Angenimeza. Nikakaa na kufikiri. Harufu ya gundi ile niliijua mahali. Nikazunguka nyumbani nikinusa, mpaka kwenye meza ya mke wangu ya kujipambia. Dawa yake ya kutolea rangi ya kucha. Nikajaribu kwenye kipande kibovu. Ikayeyusha, ikashika. Si sana, lakini ikashika. Ina rangi ya waridi na harufu ya maua, hilo tu.

Nilitaka kumpelekea Tai habari za ugunduzi huu, nikajizuia.

Jioni mke wangu akauliza nani amemaliza dawa yake. Nikasema labda imekauka kwa joto. Akanishika mkono, akatazama kucha zangu, akasema hajawahi kuziona safi hivi tangu siku ya harusi yetu.

Jumamosi, 8 Machi

Msiba.

Asubuhi nimetoka kutafuta dawa nyingine ya kucha. Huku nyuma mteja akaja kuchukua fimbo yake ya pazia. Ndiyo ile niliyotundikia vipande. Mke wangu hana kosa, fimbo ilikuwa ya mteja na siku yake ilikuwa leo. Akabandua vipande vyote, akavikusanya vizuri, akavitia kwenye kapu la vitambaa vilivyobaki. Akanieleza haya akijua amenisaidia.

Nikamuuliza kama alifuata mpangilio. Akauliza mpangilio upi. Nikasema wa harusi. Akasema yeye aliona utepe mweusi tu, tena mwingine ulikuwa sakafuni akafagia.

Nimemwaga pipa la taka uani na kulichambua kwa mkono. Jirani alisimama ukutani akanitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Mwishowe akauliza kama biashara ya mapazia imekuwa mbaya kiasi hicho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimevitazama vipande vyote, kimoja kimoja, mbele ya taa. Shangazi ninaye. Bwana harusi ninaye. Wageni, keki, gari, mbwa aliyepita. Tai ninaye, bila shaka, yeye hapotei. Babu ninaye akishuka garini, mguu juu, uso umekunjwa. Babu ninaye kitini. Babu akila. Babu kitini tena.

Babu akicheza simwoni.

Nimerudia. Nimemwita mke wangu, naye ametazama kwa kioo mpaka machozi yakamtoka. Akasema hakuna mzee anayecheza hapa. Vipo vipande vya giza, vivuli tupu, matawi meupe yanayotikiswa na upepo. Hivyo nimeviweka kando, havina faida.

Basi nimempoteza Babu. Amefagiliwa. Na aliyemfagia ni mke wangu, na aliyemfanya afagiliwe ni mimi. Shangazi amelilinda kopo lile chini ya kitanda miaka yote hiyo, mimi nimekaa nalo wiki moja.

Usingizi umenipaa. Nimefikiri pia kwamba pengine Baba Mkubwa alikuwa mkweli, na Babu hakucheza, na kwa hiyo sijapoteza kitu. Wazo hili lilinipoza kwa muda. Halafu nikamkumbuka Shangazi alivyosema “aliniridhia”, likaacha kunipoza.

Jumatano, 12 Machi

Shangazi amekuja dukani mwenyewe, kwa miguu, na kifurushi cha karanga. Alitaka kujua kazi inaendaje. Nikamwonyesha vipande vilivyoungwa, nikamweleza upande wa dawa na upande wa kung’aa, akagusisha mkanda mdomoni na kucheka uliponata. Kisha akauliza, bila kunitazama:

“Baba yangu umemwona?”

Nikasema nimemwona.

“Anacheza?”

Ulimi wangu ukajibu kabla yangu. Nikasema anacheza vizuri sana. Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia: mwaka ule mzima wa ugomvi, Babu hakumsemesha. Hata asubuhi ya harusi hakumsemesha. Shangazi alimwona tu, kwa bahati, kupitia mlango wa jikoni, mikono juu, peke yake, akicheza. Alipogundua kwamba binti yake anamwona, akaacha na kwenda kukaa. Hawakulizungumza mpaka alipokufa.

Akanishika shavu kama mtoto na kuondoka. Karanga ameniachia.

Nimekaa nikaunda mpango. Mpango wenyewe ni huu: siku ya sherehe, filamu ikifika mahali pa Babu, taa ya projekta itapata hitilafu. Nitauvuta waya kwa mguu. Wote watajua Babu alikuwa anafuata, ila umeme ulitusaliti. Hakuna atakayelaumiwa.

Na kwa kuwa nilikuwa na wembe mkononi na moyo mzito, nimefanya jambo dogo la kujifariji. Nimemkata Tai. Si vipande vyake vyote, nisionekane mbaya. Kile kipande kirefu tu. Nimekiweka kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini vya uzi. Ila sasa pameachwa pengo: Shangazi anaingia mlangoni, na palepale yuko mezani anakata keki, kama mwizi wa keki. Kujaza pengo nimechukua kimoja cha vile vipande vya giza vya matawi. Nimekiunga bila hata kukitazama vizuri. Kina matundu pande zote mbili, kwa hiyo kinaingia vyovyote utakavyokishika. Raha iliyoje. Matawi na upepo. Watadhani ni bustani.

Baada ya bustani nimeunga kiwiko changu, na lile bega la mgeni nimelikata, kwa hiyo sasa hakuna kinachokifunika.

Jumamosi, 15 Machi

Bi Projekta amekuja na mashine kwa Shangazi, amebebewa na wachukuzi wawili aliowafokea njia nzima. Mimi nilikuwa juu ya ngazi natundika mapazia meusi, maana sherehe ni ya mchana na sebule ina madirisha mengi. Mapazia yamekaa vizuri mno. Ukifunga, huoni hata mkono wako. Hakuna aliyeyasifu.

Bi Projekta akataka aupitishe mkanda wote kati ya vidole vyake, kiungo kwa kiungo, kama alivyofanya miaka yote kabla ya onyesho. Nikasema mkanda umelala, nimeusafisha, hauguswi mpaka kesho. Akasema hajawahi kusikia mkanda unaolala. Nikasema ni mbinu mpya. Akanusa hewa. Akauliza mbona kopo linanukia kama bibi harusi. Nikasema si ndiyo filamu ya harusi.

Tai naye alikuwepo, anapanga viti. Atawaleta wanawe kesho waje wamwone baba yao alivyokuwa mdogo, hivyo ndivyo alivyosema. Ameniambia nimefanya kazi kubwa na kwamba alikosea kunitilia shaka. Kwa nini aseme hivyo leo?

Jumapili, 16 Machi

Naandika jioni.

Ukoo wote ulijaa sebuleni. Shangazi mbele, gauni jipya. Kando yake Baba Mkubwa, mikono imekunjwa kifuani, kama mtu aliyekuja kushinda kesi. Nikafunga mapazia yangu. Shuka jeupe likaangaza ukutani. Nilikaa karibu na waya, mguu tayari.

Mwanzo ulikwenda. Gari likasimama, Babu akashuka na uso wake ule, watu wakaguna kwa kumtambua. Mkanda ulipopata joto la taa, harufu ya dawa ya kucha ikaenea chumbani. Mke wangu akageuka polepole kwenye kiti. Kiungo kimoja kikaachia, Bi Projekta akasimamisha, akakibana kwa chombo chake akinitukana chinichini, akaendelea.

Shangazi akaingia ukumbini. Tai akawashika wanawe mabega, akawaambia watazame, sasa hivi, nyuma ya gauni. Mkia wa gauni ukatokea mlangoni. Ulikuwa umeinuliwa juu na vidole vinne. Mwenye vidole hakutokea. Sikukata vizuri.

Tai akasema, “Subirini.”

Kisha ikaja bustani.

Haikuwa bustani. Kwenye shuka kubwa, matawi yale meupe yalikuwa mikono. Mikono ya shati jeupe, na chini yake kichwa. Chini, kwa sababu mtu mwenyewe alikuwa kichwa chini miguu juu, amening’inia darini, mlangoni mwa jikoni, na alikuwa anacheza. Anacheza kinyumenyume, kwa kuwa kipande nimekiunga mwisho ukiwa mwanzo. Giza lile lilikuwa giza la jikoni. Mabega yanapanda na kushuka, viganja vinageuka, na uso, uso ule uliokunjwa siku zote, umefunguka.

Nikamwona Shangazi ameinamisha kichwa upande. Waliokuwa nyuma yake wakainamisha. Baba Mkubwa akainama zaidi, akainama mpaka kichwa kikafika kati ya magoti, mzee wa umri ule, akatazama kutoka hapo.

“Mnamwona?” Shangazi akauliza kwa sauti ndogo.

Baba Mkubwa akashika miguu ya kiti asianguke.

“Namwona,” akasema akiwa hukohuko chini. “Anacheza.”

Na pale pale nikakumbuka kwamba mguu wangu upo juu ya waya, nikauondoa haraka, ukanasa waya, ukauvuta. Taa ikazimika. Giza langu zuri likatumeza sote. Sauti ya Bi Projekta sitaiandika humu.

Waya uliporudishwa, Shangazi aliomba kipande kile kirudiwe. Kikarudiwa. Ukoo mzima ukainama kama watu wanaotafuta sindano chini ya viti. Kikarudiwa tena. Shangazi alilia na kucheka, machozi yakimkimbilia kwenye nywele kwa jinsi alivyoinama. Baba Mkubwa alimshika mkono na hakuuachia. Nikamsikia akimwambia, “Nisamehe, dada. Sikuwa nimetoka nje ya kile chumba, nikadhani wote tumeona nilichoona mimi.”

Hata mimi macho yalijaa. Sikumpoteza. Tena nilikuwa nimemweka mahali pazuri kuliko alipokuwa.

Kiwiko changu kikapita. Hakuna aliyekiona, walikuwa bado wananyoosha shingo.

Taa zilipowashwa, mtoto mkubwa wa Tai akauliza baba yuko wapi. Tai akanitazama. Nikaeleza kwamba filamu ikizeeka husinyaa, na husinyaa zaidi kwa watu wanene. Mke wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja mahali palipo chumvi, kwamba Tai yumo kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini, amemwona jana alipotafuta uzi.

Shangazi akatoa hukumu. Filamu itakwenda kwa Bi Projekta, ambaye atamgeuza Babu asimame kwa miguu yake, na atamrudisha Tai mahali pake na mkia wake. Mimi nitamshonea Bi Projekta mapazia ya nyumba nzima badala ya chumba kimoja. Halafu akanivuta, akanibusu kwenye paji la uso, na kuninong’oneza kwamba nimefanya vibaya sana na Mungu anibariki.

Tai hajanisemesha. Alipotoka aliniambia tu “samahani, nipishe”, kama wageni.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Projekta amemaliza. Kaniita nichukue kopo nimpelekee Shangazi, kwa kuwa Baba Mkubwa anakwenda kwake kesho, wanataka kumtazama baba yao wakiwa wawili tu, na mashine bado iko kwa Shangazi. Alinishika kola akaniambia nisilifungue. Alirudia neno hilo mpaka mlangoni, na nikiwa barabarani alikuwa bado analisema.

Nimepitia dukani kwanza, ni njiani. Nimelifungua kidogo tu, kuhakikisha. Mtu unapobeba kitu cha familia lazima ujue unabeba nini.

Lazima nikiri, viungo vyake ni safi. Unapitisha kidole huvihisi. Tai amerudi, mnene vilevile. Na Babu amesimama wima, anacheza kwenda mbele, na sasa unaona hata midomo yake ikihesabu hatua.

Lakini ni kifupi. Sikugundua siku ile kwa sababu tulikirudia. Mtu hajamaliza kupiga chafya, Babu ameshaacha na kwenda kukaa. Ndugu wawili wazee watazima taa, watafunga mapazia yangu, watangoja, halafu basi? Inaniuma kwa ajili yao.

Sasa kule mwanzoni Babu anashuka garini na mguu mmoja hewani. Nimeutazama mguu ule kwa kioo. Ukiutoa kwenye gari na kuuweka baada ya mikono, ni hatua ya kucheza kabisa. Kisha kuna mahali anainuka kitini. Ukikigawanya kipande hicho na kukipanga mara mbili, anaruka. Ngoma ya Babu itakuwa ndefu maradufu. Shangazi atafurahi. Bi Projekta hana haja ya kujua, kesho hatakuwepo.

Mke wangu amekwenda kupima madirisha ya mteja. Nimeshakata. Gundi nitaitafuta baadaye.